REMMY ONGALA: KUTOKA KINDU MPAKA SINZA, SAFARI NDEFU YA DOKTA WA UBONGO BEAT

Wadau, kila siku pale Dar konda anapiga kelele "kwa Remmy shusha!", watu wanashuka, wanavuka barabara, wanaenda zao. Ukimuuliza kijana wa miaka ishirini huyo Remmy ni nani, wengi watakwambia ni jina la kituo. Wengine watasema labda alikuwa mwenye baa. Basi leo nataka tumwongelee mtu mwenyewe, maana si haki mtu aliyeimba miaka zaidi ya arobaini aishie kuwa kibao cha daladala.

Jina lake kamili ni Ramadhani Mtoro Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo, wakati huo bado ni Kongo ya Wabelgiji. Kwa wasiojua jiografia, Kindu ipo kando ya mto Kongo, sehemu ile unapoitwa Lualaba, na watu wa huko wanaongea Kiswahili. Si Kiswahili cha kujifunzia ukubwani, la. Kililetwa na misafara ya biashara ya karne ya 19, enzi za akina Tippu Tip, Kasongo na Nyangwe, kikabaki kikawa lugha ya nyumbani. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanadhani Remmy alikuwa Mkongo wa Kilingala aliyekuja Dar akaokoteza Kiswahili cha kuimbia. Hapana bwana. Alikuja na Kiswahili chake. Kilikuwa na lafudhi ya kwao na maneno mengine aliyatamka kivyake, hata wimbo wake mmoja jina lake limeandikwa "Inchi Yetu", lakini alikuwa anafikiri kwa lugha hiyo. Na nadhani ndiyo siri yake kubwa, nitaieleza mbele.

Kuhusu kuzaliwa kwake kuna kisa ambacho mwenyewe alipenda kukisimulia. Mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, akaenda kwa mganga. Mganga akampa masharti, na mtoto alipotoka, katoka na meno mawili ya mbele tayari! Ikaonekana huyu si mtoto wa kawaida, ana mambo ya uganga, na nywele zake zisinyolewe. Hapo ndipo lilipoanzia jina la Dokta. Chuo hajasomea, asikudanganye mtu. Na zile nywele ndefu za kusokotana alizojulikana nazo Dar hazikuanza na Bob Marley, zilianza na mganga wa Maniema, ingawa baadaye alipoziona kwa Marley alifurahi sana kukuta mwenzake.

Baba yake alikuwa mpiga muziki wa asili. Remmy alifiwa na wazazi wote wawili bado kijana, na Kongo yenyewe ilikuwa inawaka moto. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliingia Kindu, ikawa patashika. Kijana wa miaka kumi na saba, shule hakuna, wazazi hakuna, akashika muziki kama kazi ya kumlisha. Gita alijifunza mwenyewe. Akapitia bendi kadhaa, zikiwemo Success Muachana na Grand Mickey Jazz, akizunguka nazo Kongo na mpaka Uganda. Ndiyo ilivyokuwa maisha ya wanamuziki wa Kongo mashariki enzi zile. Ukienda magharibi Kinshasa umebanwa na akina Franco na Tabu Ley, wana mji wao. Ukienda mashariki unakuta Kampala, Nairobi, Dar, kuna mabaa, kuna watu wanapenda dansi, na Kiswahili chako kinaeleweka. Kwa hiyo walikuja wengi. Orchestra Maquis walitoka huko huko, wakaweka kambi Dar.

Remmy naye akaitwa na mjomba wake, Mzee Makassy, mwenye Orchestra Makassy. Mwaka ulikuwa 1978. Sasa hebu fikiria, unahamia Dar es Salaam mwaka 1978, mwisho wa mwaka vita vya Kagera vinaanza, halafu uchumi unakwenda chini. Sabuni foleni, sukari foleni, nyuzi za gita hazipatikani kwa sababu pesa za kigeni hakuna. Na mji huo huo ndio uliokuwa na bendi nyingi kuliko wakati mwingine wowote!

HIZO BENDI ZILIKUWA ZA NANI?

Hapa lazima nieleze kidogo, vinginevyo maisha ya Remmy hayaeleweki. Siku hizi msanii anaenda studio peke yake na flashi, prodyuza anamtengenezea biti, kesho wimbo upo kwenye simu. Enzi zile hakuna msanii wa peke yake. Muziki wa dansi ni bendi, na bendi ni vyombo: magita, vipaza sauti, dramu, tumba, saksafoni. Vyombo ni ghali na vinatoka nje. Kwa hiyo mwenye vyombo ndiye mwenye bendi, na mwenye bendi ndiye mwenye jina la bendi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa tu.

Wenye bendi walikuwa wa aina mbili. Kuna mashirika na taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, ambayo ikaja kuitwa JUWATA na baadaye OTTU, ndiyo Msondo hao mnaowajua. Kuna DDC Mlimani Park ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, wana Sikinde. UDA ya mabasi, Bima, jeshi la kujenga taifa, wote walikuwa na bendi. Mwanamuziki wa huko analipwa mshahara kama karani. Aina ya pili ni bendi za watu binafsi. Huko hakuna mshahara wa serikali, kuna mlango. Watu wakija kucheza mnakula, mvua ikinyesha mnalala njaa.

Remmy maisha yake yote Dar alikuwa upande huo wa pili. Nadhani ndiyo maana alipoimba habari za mnyonge hakuwa anasoma kwenye gazeti.

Makassy ilikuwa bendi kali. Mpiga gita Mose Fan Fan, aliyepitia OK Jazz ya Franco, alikuwemo humo. Wimbo wao "Mambo Bado" ulitingisha. Remmy huko ndiko alikoanza kujulikana kama mtunzi, na kibao kilichomtoa ni "Siku ya Kufa". Mwanzoni mwa miaka ya 80 Makassy ikahamia Nairobi, ambako kulikuwa na studio na kampuni za sahani, na mwaka 1982 ikatoa albamu ya Agwaya kwa lebo ya Virgin ya Uingereza. Remmy yeye maskani yake yakabaki Dar. Akaingia Orchestra Matimila, bendi ya mfanyabiashara mmoja, iliyopewa jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania. Baadaye ikaja kuitwa Super Matimila, na ukisema Matimila umesema Remmy.

UBONGO BEAT

Kila bendi Dar ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Sikinde, Msondo, Maquis wao walikuwa na Ogelea Piga Mbizi, Safari Sound na Ndekule. Lilikuwa kama suala la Simba na Yanga, mtu anakufa na mtindo wake. Remmy akauita wake Ubongo Beat. Kuna utani hapo: Bongo ni Dar, kwa sababu ukiishi Dar bila kutumia ubongo umekwisha. Lakini pia alimaanisha muziki wa kufikiri, unaoingia kichwani kabla haujashuka miguuni.

Ukisikiliza, msingi ni rumba ya Kongo. Magita matatu yanasukana, besi inatembea, tumba na dramu chini. Ila Wakongo wa Paris miaka hiyo walikuwa wanakimbilia sebene haraka haraka, maneno machache, wachezaji waingie. Remmy alifanya kinyume. Alikuwa anaanza taratibu, anakueleza kisa chote, anarudia, anauliza maswali, anajibu mwenyewe, anasimama anaongea kama shehe au mchungaji, na bendi inamsubiri. Mkishaelewa ndipo chemko inapigwa. Nyimbo za dakika nane, kumi. Kwenye jukwaa alikuwa anahubiri kweli kweli. Gita la solo la Batii Osenga linakwenda kama linamjibu, na mimi mpaka leo sijasikia maelewano kama yale kati ya mwimbaji na gita kwenye dansi la Tanzania. Wa Sikinde mnaweza kunipinga, najua mtasema habari za Mlimani. Pingeni tu.

Nyimbo zake majina yanajieleza: "Mnyonge Hana Haki", "Sauti ya Mnyonge", "Ndumila Kuwili", "Bibi wa Mwenzio", "Narudi Nyumbani". Anachukua kauli ambayo mama yako anaisema jikoni, anaigeuza wimbo. Hapa ndipo ninaporudi kwenye ile siri ya lugha. Mtu wa kuokoteza Kiswahili asingeweza hiyo kitu. Methali zinataka mtu aliyekua nazo.

Na wimbo wa "Kifo". Huu ndio mkubwa kuliko zote, kwa maoni yangu. Anakiita kifo kama mtu, anakihoji uso kwa uso, kwa nini unafanya hivi, na hakimbilii kukupa faraja ya bure. Ameuimba kwa sauti ya mtu aliyezika. Ukizingatia alivyokua, hilo si la kushangaza. Halafu ajabu yake ni kwamba ni muziki wa kucheza! Watu walikuwa wanacheza kwa huzuni, wamefumba macho. Mtu asiyejua dansi hawezi kuelewa hiyo, lakini aliyewahi kukaa kwenye matanga usiku wa manane, wakati watu wanacheka na kulia kwa pamoja, ataelewa.

REDIO MOJA, NA SOKSI

Studio ya maana kwa bendi ilikuwa ya Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, barabara ya Pugu. Mnaingia wote, mnapiga kwa pamoja, mkikosea mnarudia toka mwanzo. Kabla ya hapo mashairi yanapelekwa yasomwe na wakubwa, kama yana matusi au yanaigusa siasa vibaya, yanarudishwa. Mkipita, wimbo unarekodiwa, unapigwa hewani nchi nzima, na kanda inabaki redioni. Mwanamuziki anapata malipo kiduchu, basi. Umaarufu unao, pesa huna. Na wajanja wakawa wanarekodi kutoka redioni, wananakili kaseti kwa mamia, wanauza mitaani. Sheria yetu ya hakimiliki iliyokuja kuzaa COSOTA ni ya mwaka 1999. Hesabu mwenyewe kwamba Remmy alikuwa ameshaimba Dar miaka ishirini na moja.

Faida ya mfumo huu, tuseme ukweli, ni kwamba bila RTD nyimbo nyingi za dansi zisingerekodiwa kabisa. Nairobi walikuwa na viwanda vya sahani, sisi tulikuwa na redio. Hasara yake ni kwamba redio ilikuwa moja tu upande wa bara. Ikikukataa huna pa kwenda.

Ndiyo yaliyomkuta Remmy na "Mambo kwa Soksi". Ukimwi uligundulika Tanzania mwaka 1983, mkoani Kagera. Kufikia mwanzo wa miaka ya 90 watu walikuwa wanakufa kila mtaa, na mtaani watu wanasema "umeme", "ngoma", "mdudu", hakuna anayeusema waziwazi. Kondomu nayo ilikuwa neno la aibu. Remmy akatumia neno la vijiweni, soksi, akatunga wimbo mzima wa kuwaambia watu wazivae. Kwa mtindo wake ule ule, kwa utani, kwa maswali, bila kumtukana mtu.

Redio Tanzania ikakataa kuupiga. Viongozi wa dini enzi zile hawakutaka kusikia habari za kondomu, na wengi waliona kuitangaza ni kuwafundisha vijana uhuni. Lakini wimbo haukufa. Ulikwenda kwa kaseti na kwa jukwaa, ukawa maarufu kuliko nyingi zilizopigwa redioni. Yaani wale wale wauza kaseti za wizi waliomnyima Remmy pesa yake ndio waliousambaza wimbo aliotaka usikike. Sijui hapo mtu amshukuru nani amlaumu nani.

Ninachotaka mkione, hasa nyie vijana mliozaliwa ukimwi ukiwa somo la darasani na mabango kila kona, ni hii tarehe. Mwanamuziki wa baa, tena mzaliwa wa nje, ndiye aliyesimama akasema mbele za watu jambo ambalo redio ya taifa iliona haya kulitamka. Redio binafsi zilianza mwaka 1994, Radio One ikiwa ya kwanza kwanza, na miaka michache baadaye matangazo ya kondomu yakawa kitu cha kawaida kabisa hewani. Waliokufa katikati hapo hawakupata bahati ya kuyasikia.

WAZUNGU WANAMSIKIA

Sasa ikawaje mtu wa Sinza akafika Uingereza? Ilianza na kanda. Rafiki Mwingereza alirudi kwao na kanda ya Matimila, ikawafikia WOMAD, lile tamasha la muziki wa dunia alilolianzisha Peter Gabriel na wenzake, la kwanza likiwa mwaka 1982. Wakaipenda. Mwaka 1988 WOMAD wakatoa albamu ya Nalilia Mwana, yenye nyimbo alizokuwa ameshazipiga nyumbani, na Remmy na bendi yake wakaitwa kwenye maonyesho ya Ulaya.

Mwaka 1989 Gabriel akaanzisha lebo ya Real World, na kati ya albamu zake za mwanzo kabisa ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila, iliyorekodiwa kwenye studio za Real World katika kijiji cha Box, Uingereza. Nyimbo za maskini zimerekodiwa kwenye moja ya studio za kifahari duniani! Lakini kazi ilifanyika vizuri. Humo mna "Kifo", "Karola", "Kipenda Roho", "Nasikitika", "Muziki Asili Yake Wapi". Kwa mara ya kwanza unasikia kila gita peke yake, besi inagonga kifuani. Mtu aliyezoea zile za RTD kupitia redio ya mbao anaweza kudhani ni bendi nyingine. Wapo wazee wanaosema za RTD zina joto zaidi. Mimi kwa "Kifo" nachagua ya Box, kwa "Siku ya Kufa" nachagua ya nyumbani.

Mwaka 1992 ikaja Mambo, ya Real World pia. Hapa Remmy akaanza kuimba na Kiingereza: "One World", "No Money, No Life". Nia ilikuwa nzuri, alitaka wale waliokuja kumwangalia Ulaya waelewe anasema nini. Lakini nisiwafiche, kwa Kiingereza Remmy anakuwa mtu wa kawaida. Zile methali hazipo, ule utani haupo, anabaki na kaulimbiu. Nyimbo za Kiswahili za albamu hiyo hiyo, "Dodoma" na "Mrema", ndizo zinazombeba. Mrema ni yule yule Augustine Mrema, wakati huo waziri wa mambo ya ndani aliyekuwa anapendwa mitaani kama mwanasoka. Miaka mitatu baadaye, 1995, akagombea urais kwa upinzani. Mwaka wa albamu, 1992, ndio uleule Tanzania iliporuhusu vyama vingi, kwa hiyo ukiisikiliza leo unasikia nchi inabadilika.

Je, alitajirika? Hili swali huulizwa sana. Nyumba Sinza alikuwa nayo, jina alikuwa nalo, mke wake alikuwa Mwingereza, kwa hiyo mtaani watu walimhesabia mapesa. Lakini bendi ya watu zaidi ya kumi kusafiri Ulaya si mchezo, mapato yanagawanywa mafungu mafungu. Na nyumbani aliporudi alikuta soko limebadilika. Mashirika yanafilisika au yanauzwa, bendi zao zinayumba. Redio binafsi zimekuja na muziki wa nje. Vijana wameanza kurap kwa Kiswahili, ikazaliwa Bongo Fleva, muziki usiohitaji mwenye vyombo. Dansi likarudi nyuma.

Kumbe, ukiwauliza hao hao wa Bongo Fleva wanaoimba habari za mtaa na maisha magumu, njia hiyo ilishalimwa. Kuongea ukweli wa mtaa kwa lugha ya mtaa, kwa utani, huku redio inanuna, Remmy alishafanya. Na yule anayejiuliza kwa nini muziki wetu unaitwa Bongo aangalie nani alilitumia neno hilo kwenye mtindo wake kabla.

KUOKOKA

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Remmy akaugua. Kisukari, halafu kiharusi, mwili ukapooza upande. Kwa mtu aliyekuwa anasimama jukwaani masaa mengi usiku, hiyo ni kama kufungiwa duka. Baadaye akatangaza ameokoka. Akanyoa zile nywele. Akaacha dansi, akaanza kuimba injili, "Kwa Yesu Kuna Furaha" ikawa ndiyo nyimbo mpya ya Dokta.

Mashabiki waligawanyika. Wengine walisema amewatupa, wengine wakasema ni ugonjwa tu. Si yeye peke yake, Cosmas Chidumule aliyewahi kuimba Mlimani Park naye alitoka kwenye dansi akaingia kwenye injili. Mimi naona watu walishangaa kupita kiasi. Sikiliza tena nyimbo zake za miaka ya 80. Kifo, mnyonge, haki, dunia inapita... mtu huyo alikuwa anahubiri muda wote, tofauti alikuwa anahubiria baa. Kinachonisikitisha mimi ni kwamba sauti ilikuwa imeshapungua, na nyuma yake hakuna tena lile gita. Na zile nywele, kwa wanaokumbuka kisa cha mganga, kunyolewa kwake hakukuwa jambo dogo. Alikuwa anafunga mlango mmoja wa maisha yake toka utotoni.

Alifariki tarehe 13 Desemba 2010, Dar es Salaam, akiwa na miaka 63. Alikuwa ameishi Dar miaka 32, mingi kuliko aliyoishi Kongo.

KANDA ZIKO WAPI?

Albamu tatu za Uingereza, Nalilia Mwana, Songs for the Poor Man na Mambo, ndizo rahisi kupata, hasa hizo mbili za Real World. Wazungu wametunza, wameandika nani kapiga gita na nani kapiga tumba. Kazi zake za Makassy na Matimila zilizorekodiwa RTD ni habari nyingine. Kanda za RTD zipo kwenye maktaba ya redio ya taifa, ambayo siku hizi ni TBC, pamoja na za bendi nyingine chungu nzima toka miaka ya 60 na 70. Kanda za sumaku zinachakaa: joto, vumbi, unyevu wa Dar. Kunakili kwenye kompyuta kunataka mashine nzima, mafundi na pesa, na kabla ya hapo watu wakubaliane nani ana haki, redio iliyorekodi, mwenye bendi aliyenunua vyombo, au familia ya mtunzi. Hilo la mwisho ndilo gumu, maana enzi zile hakuna aliyeandikiana mkataba wa maana. Wakati huo huo kwenye intaneti watu wanapandisha nakala za nakala, majina yamekosewa, wimbo wa Makassy umeandikwa Maquis, na wa Maquis umeandikwa Remmy.

Kwa anayetaka kuanza, anza na "Kifo" kwa hedifoni, usiku, uusikilize mpaka mwisho bila kurukia chemko. Halafu "Karola" upumue. Halafu tafuta "Mambo kwa Soksi", ukumbuke ulitoka mwaka gani. "Siku ya Kufa" iache kwa mwisho.

Na kama nyumbani kwa mzee kuna kaseti ya Matimila kwenye kabati, naomba msirekodie taarabu juu yake. Andikeni hapo chini jina la wimbo na kilichoandikwa kwenye jalada, hasa majina ya wapigaji. Wa magita wanajulikana kidogo, ila wa tumba na saksafoni ndio wamesahaulika kabisa, na wengine nasikia watoto wao wapo humu humu Dar.